Yai Likizama, Yai Likielea: Tujue Lipi la Kula na Lipi la Kutupa

Mwezi huu tunataka kuongea juu ya kitu kidogo kinachoenea kwenye kiganja cha mkono, lakini kinatuletea maswali kila wiki. Kitu chenyewe ni yai.

Maswali tunayapata kwa akina mama wanapokuja kuwachukua watoto. "Mwalimu, nimenunua mayai matatu, moja limeelea kwenye maji, nilitupe?" "Mwalimu, hili lina damu ndani, si sumu hiyo?" "Nimelipasua halinuki, basi naweza kumpa mtoto hata kama halijaiva vizuri?" Ni maswali ya maana. Kwa mwenye pesa nyingi, yai moja si kitu. Lakini ukiwa na watoto watano na mayai mawili, kutupa yai zima ni kumnyima mtoto chakula, na kumpa yai bovu ni kumtafutia ugonjwa. Hasara iko pande zote mbili.

Jibu letu kwa ufupi ni hili, na tunaomba kila nyumba ilishike: maji yanatuambia umri wa yai, pua inatuambia kama limeoza, lakini ugonjwa usioonekana unaondolewa na moto peke yake. Ni vitu vitatu, kila kimoja na kazi yake. Shida inaanza pale tunapokipa kimoja kazi ya kingine.

KWA NINI MAYAI YA KIKAPU KIMOJA HAYALINGANI

Sisi tuliokulia kando ya Tanganyika, awe wa Uvira, wa Baraka au wa Fizi, tumezoea samaki. Ndagala akiharibika tunamjua kwa macho na kwa harufu kabla hata ya kuuliza bei. Mukeke tunamfunua mashavu, tukiona wekundu umekwisha tunamrudisha. Yai halitupi nafasi hiyo, maana limefungwa pande zote. La jana na la mwezi uliopita yanafanana kama mapacha.

Tena hapa Gitaza mayai tunayahitaji zaidi nyakati fulani. Mwezi ukiwa mpevu, taa za wavuvi hazivuti ndagala vizuri kwa sababu ziwa lote lina mwanga. Ndagala wanapungua, bei inapanda, na mama wa nyumba anageukia maharagwe na mayai.

Sasa tuangalie mayai hayo yanatoka wapi. Kuku wa kienyeji hatagi kila siku. Mwenye kuku anaweka moja moja mpaka yafike idadi, ndipo anauza. Muuzaji naye anapita nyumba kwa nyumba huko milimani, mawili kwa huyu, matatu kwa yule, mpaka kikapu kijae. Baadaye kikapu kinashuka kwenye barabara ya Bujumbura na Rumonge, kinakaa hapo kikingoja wateja, mara nyingine juani. Na barabara yetu tunaijua, mlima upande huu, ziwa upande ule. Mwaka 2015 udongo uliporomoka hapa Gitaza na njia ikakatika. Bidhaa zikikwama njiani, siku za yai zinaendelea kuhesabika.

Kwa hiyo kikapu kimoja kinaweza kuwa na yai la jana na yai la wiki tatu. Mara nyingi hata yule mama anayeuza hajui lipi ni lipi. Tusikimbilie kumwita mwizi. Tujifunze kupima.

NDANI YA GANDA KUNA NINI

Ganda la yai linaonekana gumu na limefungwa, lakini lina matundu madogo sana, maelfu kwa maelfu, ambayo macho hayayaoni. Kila siku unyevu kidogo wa ndani unatoka kupitia matundu hayo, na hewa inaingia kuchukua nafasi yake. Hewa hiyo inakusanyika kwenye ncha ile nene ya yai. Ukichemsha yai ukalimenya, utaona upande mmoja kuna kibonyeo. Hicho ndicho chumba cha hewa.

Yai likiwa jipya, chumba hicho ni kidogo. Likizeeka, kinakua, na yai linakuwa jepesi. Joto linaharakisha jambo hili, ndiyo maana yai lililokaa siku chache juani linaweza kuzeeka kuliko lililokaa kivulini siku nyingi zaidi.

KIPIMO CHA MAJI

Chukua bakuli au beseni ndogo. Tia maji safi ya baridi, kimo chake kiwe kama mayai mawili yaliyopandana. Usitie chumvi, kwa sababu maji ya chumvi nyingi yanaelesha hata yai jipya. Weka yai taratibu, kisha tazama.

1. Likilala chini kabisa kwa ubavu, ni jipya, la siku chache tu.

2. Likibaki chini lakini ncha nene imeinuka kidogo, limekaa kama wiki moja au kuzidi. Ni zuri kwa kula.

3. Likisimama wima huku limegusa chini, ni la zamani, pengine wiki mbili au tatu. Bado linaweza kuliwa, lakini lipikwe leo na liive kabisa.

4. Likielea juu, limezeeka sana. Hapo hatua ya pili inahitajika, kabla ya kulitupa au kulila.

Siku hizo si hesabu kamili, zinategemea joto la mahali yai lilipokaa. Darasani tuliweka mayai manne kwenye beseni mbele ya watoto, na kila moja likakaa kivyake. Watoto walicheka sana, lakini kila mmoja aliondoka anajua kusoma yai.

Angalizo: pima yale tu utakayopika siku hiyo hiyo, maana yai lililolowa halikai. Na yale maji ya kupimia yamwagwe. Ganda la yai linaweza kuwa na mavi ya kuku hata kama hayaonekani. Usipikie maji hayo, usioshee vyombo, na usisahau kunawa mikono kwa sabuni.

KIPIMO CHA PUA NA MACHO

Yai lililoelea si lazima liwe limeoza. Maji yamekuambia hewa ni nyingi ndani, basi. Kwa hiyo usilitupe kabla ya kulipasua, na usilipasue juu ya mengine. Wako akina mama waliopoteza mayai manne mazuri kwa sababu la tano lilipasuliwa kwenye bakuli lile lile. Chukua kikombe, pasua yai moja, nusa, tazama, ndipo umimine kwenye bakuli. Kisha lingine.

Litupe bila kubembeleza kama:
- lina harufu mbaya, hata kidogo;
- ute wake una rangi ya kijani, ya waridi au nyeusi;
- lilikuwa limepasuka au linavuja kabla hujalinunua;
- kifaranga kimeshaanza kujijenga ndani.

Hilo la mwisho tulieleze. Kuku wa kienyeji anatembea na jogoo, kwa hiyo mayai mengi yana mbegu. Kuku akiatamia, kifaranga kinatoka baada ya siku 21. Lakini yai likiwa mahali pa joto sana, mbegu inaweza kuanza kukua hata bila kuku. Ili kujua kabla ya kupasua, ingia mahali penye giza, weka tochi au taa ya simu kwenye ncha nene ya yai, uzibe pembeni kwa vidole. Yai zuri linang'aa sawasawa. Ukiona mishipa myekundu kama mizizi midogo, au doa jeusi linalocheza, hilo liache. Muuzaji mwema hawezi kukukatalia kumulika. Hata kama hujui Kirundi kingi, sema "amagi" na uonyeshe tochi, mtaelewana.

Ikiwa yai limeelea lakini halinuki na rangi yake ni ya kawaida, mtu mzima mwenye afya anaweza kulila likiwa limeiva mpaka kiini kikauke. Kwa mtoto mdogo, mama mjamzito, mzee au mgonjwa, sisi tunashauri liachwe. Hao mpeni yai lililozama.

MAYAI YANAYOSHITAKIWA BURE

Hapa tusimame kidogo, kwa sababu mayai mengi mazuri yanatupwa kwa makosa yasiyo yao.

Tone la damu kwenye kiini. Si sumu wala si ugonjwa. Ni mshipa mdogo uliopasuka yai lilipokuwa likitengenezwa tumboni mwa kuku. Liondoe kwa ncha ya kijiko ukitaka, kisha pika.

Kiini cheupe au cha manjano hafifu. Rangi inatokana na chakula cha kuku. Anayekula majani na mahindi ya njano anatoa kiini chenye rangi kali. Hakihusiani na upya.

Ganda jeupe au la kahawia. Ni ukoo wa kuku tu. Ndani ni mamoja.

Ute wenye ukungu kama maji ya mchele. Kumbe hiyo ni dalili ya upya! Yai likikaa, ute unakuwa mwepesi na unaangaza zaidi.

Duara la kijani kuzunguka kiini cha yai lililochemshwa. Limechemshwa muda mrefu, hakuna zaidi. Linaliwa.

Yai lililochemshwa likakataa kumenyeka. Wengi wanalaumu muuzaji, kumbe wamshukuru. Yai jipya ndilo linalong'ang'ania ganda lake.

UGONJWA USIOONEKANA

Sasa tufike kwenye jambo lililotufanya tuandike makala hii. Kuna kijidudu kinaitwa salmonela. Kinakaa kwenye matumbo ya kuku na kinaweza kushika ganda kupitia mavi. Kibaya zaidi, aina yake moja inaweza kuingia kwenye yai kabla ganda halijafunga, ndani ya mwili wa kuku. Yai la namna hiyo linazama vizuri kwenye maji. Halinuki. Rangi yake ni nzuri. Ni jipya kabisa, na lina ugonjwa.

Msidhani ni shida ya wakimbizi au ya nchi maskini. Uingereza, Desemba 1988, naibu waziri wa afya Edwina Currie alisema hadharani kwamba sehemu kubwa ya mayai ya nchi yake ilikuwa na salmonela. Watu wakaacha kununua mayai, wafugaji wakakasirika, na yeye akajiuzulu mwezi huo huo. Lakini ugonjwa ulikuwepo kweli, ingawa alikuwa amezidisha ukubwa wake. Baadaye, kuanzia mwaka 1998, mayai ya wafugaji wanaochanja kuku wao yakaanza kupigwa muhuri wa simba mwekundu. Ilichukua mpaka mwaka 2017 ndipo wakuu wa usalama wa chakula huko waliporuhusu watoto wadogo na wajawazito kula yai lenye kiini kibichi, na ni yale tu yenye muhuri huo.

Yai letu la kikapuni halina muhuri wa simba. Muhuri wetu sisi ni moto.

Salmonela inakufa joto likifika kama nyuzi 70 ndani ya yai. Hatuhitaji kipimo cha joto, yai lenyewe linasema. Ute ukiwa mweupe mgumu na kiini kimeshikana, kazi imekwisha. Kwa kuchemsha, hesabu dakika 10 tangu maji yaanze kutokota. Kwa kukaanga, geuza pande zote mbili, usiache kiini kinatiririka. Kama kuni au makaa ni haba, acha maji yatokote vizuri, funika sufuria kwa kifuniko kinachobana, ondoa motoni, ngoja dakika 15. Pasua moja kwanza uhakikishe kiini kimekauka ndipo ugawe.

Tuna neno pia kwa vijana na akina baba wanaokunywa yai bichi na bia au soda kwa kutafuta nguvu. Nguvu hiyo haiko huko. Watafiti wa Ubelgiji walipima jambo hili mwaka 1998: katika protini ya yai lililopikwa, mwili ulichukua kama sehemu 9 katika 10, na ya yai bichi ulichukua kama nusu tu. Kwa hiyo anayekunywa yai bichi anajitafutia ugonjwa, na nusu ya pesa yake inapita bure.

KUTUNZA MAYAI BILA FRIJI

- Weka mahali pa baridi, pakavu na penye kivuli, mbali na mafiga na mbali na bati linalopigwa na jua. Chungu au kikapu kilichofunikwa kwa kitambaa chepesi kinafaa.

- Ncha nyembamba iwe chini, ncha nene juu, ili chumba cha hewa kikae mahali pake.

- Usiweke karibu na mafuta ya taa au samaki wakavu. Yale matundu yanavuta harufu.

- Usioshe yai kabla ya kulitunza. Likitoka kwa kuku lina utando mwembamba unaoziba matundu. Ukiliosha unauondoa, na maji yanaweza kuingiza uchafu ndani. Lenye uchafu mkavu, lifute kwa kitambaa kikavu na ulile mapema. Kama ni lazima kuosha, osha lile unalopika sasa hivi.

- Mwenye kuku anaweza kupaka yai mafuta safi ya kupikia, kidogo tu kwa kiganja, siku lilipotagwa. Mafuta yanaziba matundu na yai linakaa zaidi. Lakini ujue kwamba yai la namna hiyo linazama hata kama ni la zamani, kwa hiyo kipimo cha maji hakiliwezi. Hapo tarehe ndiyo shahidi.

- Andika tarehe juu ya ganda kwa penseli. Lililotangulia kuingia litangulie kuliwa. Katika joto letu hapa ziwani, jitahidini yaishe ndani ya wiki moja hadi mbili.

Yai lililochemshwa nalo lisiwekwe akiba. Wengi wanafikiri likishaiva linakaa zaidi, kumbe kuchemsha kunaondoa ule utando. Likiwa na ganda au limemenywa, lisikae kwenye joto zaidi ya masaa mawili. Ukinunua barabarani, chagua lenye moto bado, lenye ganda zima, umenye mwenyewe kwa mikono iliyonawa.

MTU AKIUGUA

Dalili za salmonela mara nyingi zinaanza kati ya masaa 6 na siku 3 baada ya kula, na mara nyingine zinachelewa zaidi: tumbo kukata, kuhara, homa, pengine kutapika. Hatari kubwa ni mwili kuishiwa maji. Kama hakuna pakiti ya dawa ya kuhara, changanya lita moja ya maji safi yaliyochemshwa na kupoa, vijiko vidogo 6 vya sukari vilivyosawazishwa, na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Mpe kidogo kidogo, mara nyingi. Mtoto anayenyonya aendelee kunyonya.

Usingoje kesho ukiona macho yameingia ndani, mtoto hakojoi, hawezi kunywa, analegea, ana homa kali au kuna damu kwenye choo. Na kama ni kuhara maji matupu mfululizo kama maji ya mchele, hiyo inaweza kuwa kipindupindu, ambacho watu wa ziwa hili tunakijua. Kimbia kituo cha afya saa hiyo hiyo.

YAI LIENDELEE KULIWA

Tusije tukaogopesha watu wakaacha mayai. Hapana. Yai moja lina karibu gramu 6 za protini, ile inayojenga mwili, na mtoto anaweza kuanza kulila akifika miezi 6, likiwa limeiva na kupondwa vizuri. Kama nyumbani liko moja tu, lianzie kwa mdogo na kwa mama mwenye mimba. Baba hatakasirika, akielezwa.

Kazi ya nyumbani kwa wanafunzi wetu mwezi huu: mayai yakiingia nyumbani, wewe mtoto ndiwe mwandishi wa tarehe. Chukua penseli yako ya shule, andika polepole usivunje, kisha siku ya kupika mwombe mama bakuli la maji, umwambie yai limelala, limesimama au limeelea. Mama awashe moto, na moto uwe wa kutosha.